Krisanthemamu ya Chitete: tuzalishe aina yetu au tuendelee kutunza ya wenzetu?

Maeneo ya Usa River mkoani Arusha, na huko Namulonge nchini Uganda, yako mashamba ya maua yasiyouza hata ua moja. Kinachotoka humo ni vipandikizi vya krisanthemamu, yaani vichipukizi vya urefu wa kidole vinavyochumwa kwenye mmea mama, vikafungwa kwenye mifuko, vikapanda ndege kwenda kuoteshwa katika vitalu nyumba vya Ulaya. Mmea mama hauruhusiwi kuchanua. Usiku huwashiwa taa ili udhani siku ni ndefu, nao huendelea kutoa majani na vichipukizi tu. Wafanyakazi wa mashamba hayo ni hodari, na ajira yao si ya kubeza. Lakini aina zenyewe, kwa rangi, umbo na jina, ni mali ya kampuni za Uholanzi kama Dekker, Deliflor, Dümmen Orange na Royal Van Zanten. Sisi tunauza jua na kazi ya mikono.

Je, Tanzania ijitose kuzalisha aina yake ya krisanthemamu ya kukata, tena kwa fedha za umma, au iwaachie Waholanzi kazi wanayoijua? Ni rahisi kulijadili swali hili ukiwa Arusha, penye ubaridi wa Mlima Meru, uwanja wa ndege wa KIA ulio jirani na ofisi za TAHA, chama cha wadau wa kilimo cha bustani. Napendelea tulipeleke Chitete, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, mkoani Songwe. Huko watu wanalima mahindi, mpunga na ufuta. Ukielekea Tunduma unakutana na barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA. Ukiteremka upande wa pili unafika Kamsamba na bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto la kweli. (Uwanja wa ndege unaoitwa Songwe usikudanganye kwa jina, uko Mbeya.) Wazo la ua la Kitanzania likiwa na mashiko Chitete, litakuwa na mashiko popote. Likikosa, afadhali tujue mapema.

Tuanze na mmea wenyewe, maana ni mkaidi. Krisanthemamu ya biashara ina kromosomu 54 zilizopangwa katika seti sita, ilhali binadamu ana 46 katika seti mbili. Kwa kawaida haipokei chavua yake yenyewe. Kwa hiyo kila mbegu hutoa mmea wa peke yake, na mbegu mia za ua moja zinaweza kukupa sura mia. Mtaalamu hupunguza petali kwa mkasi ili sehemu ya kike ijitokeze, hupaka chavua ya ua jingine kwa brashi, hufunika, huandika lebo, kisha husubiri mbegu zikomae. Katika maelfu ya miche hubaki michache yenye shina lililonyooka, majani yasiyonyauka upesi na ua lisilomwaga petali. Mche unaofaa haupandwi tena kwa mbegu. Hukatwa vipandikizi, kama mkulima anavyogawa marando ya viazi vitamu, na tangu hapo kila mmea ni nakala ya ule wa kwanza.

Vifaa vya kazi hiyo ni mkasi, brashi na daftari. Ghali ni miaka: kupanda, kutupa, kupanda tena, kulinganisha msimu kwa msimu. Hapo ndipo Waholanzi wametutangulia, kwa kuwa wana mikusanyiko ya mimea mama iliyojengwa kwa miongo na wanajua kila ukoo una kasoro gani.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo mkusanyiko wao haukulengwa kulitatua, nalo ni kiini cha hoja yangu. Krisanthemamu huchanua siku zinapokuwa fupi. Aina nyingi za kukata huanza kufunga vitumba mwanga wa mchana unaposhuka chini ya takriban saa 13 na nusu. Chitete iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na hata mwezi Desemba mchana wake haufiki saa 13. Kwa ua hili, kwetu ni majira ya kuchanua mwaka mzima. Ukipanda kipandikizi cha aina ya Ulaya bila taa za usiku, kitafunga vitumba kabla shina halijarefuka, nawe utabaki na kichaka kifupi kisichofaa kufungwa kwenye shada. Ndiyo maana wakulima wa ukanda wetu huwasha taa kwa majuma kadhaa ya mwanzo. Taa ni nguzo za umeme, balbu, bili ya TANESCO na jenereta ya akiba kwa usiku umeme unapokatika. Kampuni kubwa inamudu. Kikundi cha akina mama wa Chitete wenye robo ekari hakimudu.

Joto nalo lina yake. Usiku ukiwa wa moto, vitumba huchelewa na rangi hufifia, hasa pinki na zambarau. Halafu kuna safari. Ua lililozalishwa kwa ajili ya Uholanzi huchukuliwa kuwa litasafiri ndani ya ubaridi tangu shambani hadi dukani. Letu lingepanda basi la Tunduma kwenda Mbeya, likiwa limefungwa kwenye gazeti, juu ya gunia la mtu.

Sasa zikusanye hizo sifa: aina inayochelewa kufunga vitumba hata siku zikiwa za saa 12, inayovumilia joto la usiku, na inayokaa siku kumi kwenye ndoo ya maji baada ya kusafirishwa kavu. Je, inawezekana? Wajapani wana kundi zima la krisanthemamu za kiangazi ambazo hazitegemei ufupi wa siku ili kuchanua. Maana yake ni kwamba sifa hiyo imo ndani ya koo za mmea huu, na kinachotakiwa ni kuichanganya na kuichuja. Na kwa kuwa ua hili kwetu linachanua wakati wowote, mtafiti wa hapa anaweza kupata mizao mitatu ya majaribio ya vipandikizi kwa mwaka mmoja bila kugharimia mitambo ya kuongoza hali ya hewa. Kile kinachomsumbua mkulima wetu kinamharakishia mtafiti kazi.

Sheria je? Wapo wanaoamini kwamba Waholanzi wameshafunga milango yote. Hawajafunga. Tanzania ilitunga mwaka 2012 sheria mpya ya kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na mwaka 2015 ikajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda haki hizo. Mkataba huo humpa mgunduzi ulinzi wa angalau miaka 20, na watu wengi huishia kusoma hapo. Lakini mkataba huohuo unaruhusu aina iliyolindwa kutumika kama mzazi wa aina mpya bila kuomba ruhusa ya mwenyewe. Kwa maana hiyo krisanthemamu ya Kiholanzi inaweza kuchavushwa kwenye vituo vya utafiti vya Uyole au Tengeru, na mtoto atakayepatikana akawa wa Tanzania, mradi ile ya Kiholanzi haikupatikana kwa mkataba unaokataza.

Penye mtego ni kwenye mabadiliko ya ghafla. Krisanthemamu ina tabia ya kutoa tawi moja lenye rangi tofauti na mmea uliobaki, na mionzi huongeza sana mabadiliko hayo. Aina moja ya pinki ikipigwa mionzi inaweza kutoa jamii nzima ya njano, nyeupe na shaba. Njia hii ni ya haraka na tunaijua: huko Zanzibar mpunga wa SUPA BC ulipatikana kwa kuupiga mionzi mpunga wa Supa, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Lakini mpunga wa Supa haukuwa mali ya kampuni. Kwa ua, tawi lililobadilika kwenye mmea wa kampuni huhesabiwa kuwa limetokana na aina ya kampuni, na haliuzwi bila ridhaa yake. Mfanyakazi wa Usa River anayeokota tawi la rangi mpya amemwokotea mwajiri. Njia ya mionzi itufae baada ya kupata mzazi wetu wenyewe.

Najua pingamizi zito: mkoa unaolisha watu mahindi unahangaika na maua ya nini? Silipuuzi, na jibu lake liko kwenye ua jingine. Nyanda za Juu Kusini zinamfahamu vizuri ndugu wa krisanthemamu, pareto, ambaye wataalamu wa mimea waliwahi kumweka katika jenasi hiyohiyo. Inalimwa Umalila, Makete na Mufindi, na kiwanda kiko Mafinga. Kwa miongo mingi Kenya iliongoza dunia kwa pareto. Kisha malipo ya wakulima yakaanza kuchelewa, wakulima wakang'oa, na kisiwa cha Tasmania nchini Australia, kilichokuwa kimezalisha aina zinazochanua kwa pamoja ili zivunwe kwa mashine, kikachukua nafasi. Watu wengi husimulia kisa hicho kama cha malipo tu. Mimi naona mambo mawili yaliyokutana: mkulima asiyelipwa upande mmoja, na mshindani mwenye aina iliyotengenezwa kwa mazingira yake upande wa pili. Aina nzuri isiyo na mnunuzi ni bure. Na mnunuzi akiwepo huku aina ikiwa ya mtu mwingine, siku akiondoka anaondoka nayo.

Kuhusu soko, tusijidanganye kwamba shada la Chitete litakwenda kushindana kwenye mnada wa maua wa Royal FloraHolland huko Uholanzi. Italia na Poland hununua krisanthemamu kwa wingi kwa ajili ya makaburi ya Novemba mosi, na wana wauzaji wao. Soko la kwanza liko hapa: harusi, mahafali, misiba na kumbi za Mbeya, Tunduma na ng'ambo ya mpaka Nakonde. Sehemu kubwa ya soko hilo sasa imeshikwa na maua ya plastiki, ambayo hayanyauki wala hayahitaji taa. Ua halisi litashinda kwa bei tu, na bei haitashuka wakati mkulima anaagiza kila kipandikizi nje, anakilipia haki ya mgunduzi, kisha anakiwashia balbu.

Mbozi, jirani wa Momba, wameshaona namna ya kufika huko. Kituo cha Mbimba cha TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, kimewapelekea wakulima kahawa chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Chotara hizo haziendelezwi kwa mbegu za kawaida. Huzidishwa kwa vipandikizi kutoka bustani mama, nazo bustani mama zinaweza kushikwa na vikundi vya wakulima wenyewe. Mpango huohuo unafaa krisanthemamu kwa sharti moja gumu, usafi. Kiroidi (kimelea kidogo kuliko kirusi) kinachodumaza krisanthemamu huenezwa kwa kisu na mikono na hakina dawa, na kutu nyeupe husafiri na vipandikizi. Bustani mama isiyokaguliwa itasambaza ugonjwa kwa wakulima wote wanaoitegemea. Kazi ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ianze kabla ya uzinduzi na hotuba.

Msimamo wangu basi ni huu. Tanzania izalishe aina yake, kwa mradi mdogo na wa muda mrefu: wachavushaji wachache Tengeru au Uyole, wazazi waliopatikana kihalali wakiwemo wa kundi la kiangazi, na kipande cha ardhi Chitete kwa jaribio la joto na la kutotumia taa. Chitete isifanywe shamba la maonyesho. Iwe mahali pa kukatalia. Mche wowote unaoshindwa pale utupwe, hata ukiwa mzuri vipi kwenye picha. Viongozi wa Songwe nawaomba jambo moja zaidi: asishawishiwe mkulima yeyote wa Momba kung'oa ufuta wake apande maua, mpaka aina hiyo iwe imepita misimu miwili ya joto bila balbu, imesajiliwa kwa jina la Tanzania, na mnunuzi wa Tunduma au Mbeya ameandika bei yake kwenye mkataba.