Vazi la Mababu Ughaibuni



Mama mmoja alinilalamikia kuwa mwanawe, aliyekwenda kusoma ng'ambo, aliiacha kanzu yake sandukuni kwa kuona haya kuivaa mbele ya wageni. Nikamsimulia habari za Waskoti.

Wanaume wa Uskoti wana vazi liitwalo kilti. Ni kitambaa cha sufu chenye miraba, hukunjwa marinda nyuma, nalo hufika gotini. Kilti moja huweza kula yadi 8. Miraba ile huitwa tartani, na leo koo nyingi zina tartani zao.

Vazi hilo limepita mitihani. Mwaka 1746, baada ya wapiganaji wa Nyanda za Juu kushindwa vitani Culloden, serikali ya Uingereza iliwapiga marufuku wanaume na wavulana wa Uskoti kulivaa, isipokuwa askari wa jeshi lake. Aliyekaidi alifungwa miezi 6. Akirudia, alihamishwa ng'ambo miaka 7. Sheria hiyo haikufutwa hadi mwaka 1782. Mtoto aliweza kuzaliwa na kuwa mtu mzima asimwone babaye katika vazi la babu yake.

Hata hivyo halikufa. Waskoti wengi walihamia Kanada, Marekani na Australia, na leo vitukuu vyao huvaa kilti harusini na mazikoni. Miongoni mwao wamo wasiopata kuikanyaga Uskoti. Walichorithi ni jina la ukoo, kitambaa na masimulizi ya wazee.

Waislamu wa Uskoti nao wana tartani yao tangu mwaka 2012: buluu ya bendera ya nchi, kijani cha Uislamu, mistari 5 myeupe kwa nguzo za Uislamu, na 6 ya dhahabu kwa nguzo za imani. Wameshika nchi wanayoishi, wala hawakuiacha dini yao.

Mama yule alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Kosa si lake peke yake. Sikupata kumwambia kuwa kanzu ile ilikuwa ya babu yake."

Wazazi wenzangu, wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini mtoto ataishikaje asili asiyosimuliwa? Tumfungiapo mwana mzigo wa safari, tusikunje nguo tu. Tumweleze ni nani aliyeishona, nani aliyeivaa, na Idi ipi. Nguo isiyo na habari ni kitambaa tu, nacho huachwa sandukuni.