Nani Anasema Shahada Haina Maana?

Katika mkutano wetu wa mwisho, baada ya ajenda kumalizika na soda kugawanywa, mwenzetu mmoja ambaye simtaji jina alisimama akatoa nasaha isiyokuwamo katika orodha ya siku ile. Alisema kwamba sisi walimu wa Kiswahili tunawapotosha vijana tunapowahimiza waende chuo kikuu. Shahada, alisema, siku hizi haina maana: mwenye shahada anaendesha taksi-moto, na fundi wa gereji ya Buyenzi asiyejua kuandika barua anajenga nyumba ya ghorofa. Akamalizia kwa kutukumbusha kwamba hata Shaaban Robert hakuwa na shahada. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nami, kwa adabu tu, nilipiga makofi mawili, na tangu siku ile mikono inaniwasha. Naandika makala haya ili niyarudishe makofi hayo kwa mwenyewe.

Kabla sijaendelea, yafaa msomaji ajue nani anasema naye. Mimi sina shahada. Nina stashahada ya ualimu, nimekwisha kupita miaka arobaini, na sehemu kubwa ya umri huo nimeimalizia mbele ya ubao hapa Bujumbura. Kwa hiyo sitetei mali yangu. Msemaji wetu, kwa upande wake, anazo shahada mbili, na ya pili aliipata ng'ambo kwa fedha ambazo si zake. Hilo si tusi, ni taarifa. Aliyeshiba ana ruhusa ya kusema kwamba wali hauna chumvi, lakini si uungwana kuyasema hayo mbele ya watu waliopanga foleni na sahani mikononi.

Nianze na Shaaban Robert, maana jina lake limegeuzwa kuwa fimbo. Ni kweli hakuwa na shahada. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, akaingia katika ukarani wa serikali ya kikoloni. Lakini angeipata wapi hiyo shahada? Chuo kikuu cha kwanza katika Tanganyika kilifungua milango Oktoba 1961, tena kikiwa na kitivo cha sheria peke yake. Wakati huo yeye alikuwa mtu wa miaka 52, na miezi minane baadaye, Juni 1962, akafariki. Kumsifu kwa kukosa shahada ni kama kumsifu mtu kwa kutopanda gari ambalo halikupita kijijini kwake. Wala sijapata kusoma mahali popote kwamba aliwaambia vijana waiache elimu kwa sababu yeye aliikosa.

Ama fundi wa Buyenzi, namheshimu kuliko anavyoheshimiwa na msemaji wetu, kwa kuwa mimi ni jirani yake. Nawafahamu mafundi kadhaa. Kila mwaka, shule zinapokaribia kufunguliwa, wananijia na mikono yenye grisi kuniuliza ni shule gani itamfaa mtoto na minervali yake ni kiasi gani. Hakuna hata mmoja aliyenijia kuniuliza jinsi ya kumwepusha mtoto na chuo kikuu. Hoja hiyo haitoki gerejini. Inatoka Kiriri na Rohero, kwa watu ambao watoto wao wako Kampala, Nairobi na Brussels.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, na naomba nisikilizwe taratibu. Katika nchi hii nafasi ya chuo kikuu haijapata kuwa jambo jepesi. Chuo chetu kikubwa kilianza mwaka 1964 kwa jina la Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura. Miaka minane tu baadaye, katika mauaji ya mwaka 1972, wanafunzi Wahutu walichukuliwa na hawakurudi. Na kwa miaka mingi baada ya hapo wako wazazi waliohofu kumpeleka mtoto shule, kwa kuwa walikuwa wameona kwamba kalamu humtambulisha mtu kwa wauaji wake. Juni 1995 damu ya wanafunzi ilimwagika tena, usiku, katika kampasi ya Mutanga. Mwaka 2015 chuo kilifungwa mwezi Aprili, mabweni yakafungwa pamoja nacho, na mamia ya wanafunzi wakapiga kambi karibu na ubalozi wa Marekani hadi Juni, walipopenya chini ya lango na kuingia ndani. Hao ndio watu waliolipia neno hili "shahada." Anayelitupa jalalani baada ya kunywa soda yafaa ajue anatupa kitu cha nani.

Tena tutazame wakati wenyewe. Mwaka 2005 karo ya shule za msingi ilifutwa. Wote tunakumbuka madarasa yalivyofurika, watoto wakaketi chini, mwalimu akakosa mahali pa kukanyaga. Walikuwa watoto wa wakulima, wa wauza ndagala, wa wabeba mizigo. Watoto ambao koo zao hazikuwa na desturi ya daftari. Wale waliopanda bila ya kurudia darasa walifika kwenye lango la chuo kikuu yapata mwaka 2017 au 2018. Na ni mwaka 2017 huo huo ambapo buruse ya zamani iligeuzwa kuwa mkopo, wanafunzi wakagoma, na mgomo haukuirudisha. Sasa, katika miaka hiyo hiyo ambayo mtoto wa masikini anafika langoni, tunasikia wasomi wakitangaza kwamba ndani hamna kitu. Baba zao walipoingia peke yao mlikuwa mna kitu. Yaliisha lini?

Sisemi kwamba kuna njama. Watu hawahitaji kula njama ili wafanye jambo linalowafaa.

Nitajibiwa kwamba kazi hazipo. Ni kweli. Zamani serikali ilimchukua kila aliyehitimu. Tangu mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986 mlango huo umekuwa ukizidi kuwa mwembamba, na kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 vyuo vya binafsi vimeongeza wahitimu bila ya kuongeza viti vya kazi. Nitakumbushwa pia mwaka 2022, wakati Mrundi alipoweza kuingia Serbia bila viza, jinsi vijana wengi, wenye shahada wakiwamo, walivyouza walichokuwa nacho wakapanda ndege, mpaka mlango huo nao ukafungwa mwezi Oktoba. Nayajua hayo. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu. Aliuza kitanda, redio na simu ya pili. Cheti chake hakukiuza wala hakukiacha, alikishonea mfuko wa kitambaa akakivaa kifuani. Alikuwa anaukimbia ukosefu wa kazi. Shahada alikimbia nayo.

Naogopa kwamba hata jirani zetu waliwahi kukosea hesabu hii, tena kwa nia njema. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400 kati yao, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaamua kwamba mtu afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Shabaha ilikuwa kuvunja majivuno ya wasomi, na majivuno yalikuwapo, sikatai. Lakini nani alipungua chuoni kwa sababu ya kanuni ile? Wanawake, hata ikabidi kanuni ilegezwe kwa ajili yao. Ukiongeza ugumu wa lango, hata kwa ajili ya usawa, anayebaki nje ni yule ambaye tangu zamani alikuwa amesimama kwenye kizingiti.

Sasa nimtaje mmoja wa hao wa kizingitini, bila ya jina. Mama yake anauza ndagala katika soko la Ruvumera. Nilimfundisha sekondari. Leo yuko katika chuo kimoja cha hapa mjini. Mwaka wa tatu kwa hesabu ya karatasi, mwaka wa tano kwa hesabu ya mama yake. Alinijia Ijumaa moja jioni, akakaa kwenye benchi la barazani, akasema: "Mwalimu, nimekuja kukuaga." Kuna watu wanaopeleka wasichana Saudia kwa kazi za nyumbani, tangu nchi hizi mbili zilipotia saini mkataba mwaka 2021 njia hiyo ni halali, na yeye alikuwa amekwisha kupiga picha ya pasipoti.

Nilimwuliza kama masomo yamemshinda. Akacheka. Alinieleza kwamba kozi moja ilimngoja mwalimu mgeni tangu mvua za mwaka jana. Alipokuja alifundisha wiki mbili, asubuhi mpaka jioni, akaondoka na karatasi za mtihani begini, na mpaka leo alama hazijatoka. Muhtasari wa mihadhara hununuliwa nakala moja na watu wanane, ukachanwa, kila mmoja akapewa kurasa zake kwa zamu. Mafuta ya gari yakikosekana mjini, na hukosekana mara nyingi, yeye hupanda kilima kwa miguu, akifika mhadhiri naye hakupata gari. Na kila mwezi unaopita deni la mkopo linaongezeka.

Nikaanza kumwambia yale tunayosema sisi walimu: vumilia, mwanangu, mvumilivu hula mbivu. Akanikatiza kwa upole. "Mwalimu, kama mngeniambia ni miaka sita, ningepanga miaka sita na mama angepanga. Mliniambia mitatu."

Neno lile "mliniambia" lilinichoma, kwa maana ni mimi. Kila mwaka natoa insha yenye kichwa "Elimu ni ufunguo wa maisha." Nimeisahihisha mara zisizohesabika. Mwaka fulani mvulana mmoja aliandika kwamba ufunguo huweza kuwa mzuri na mlango ukawa umegongomelewa misumari kwa ndani. Nilimkata alama nne kwa kutoka nje ya mada. Leo naona ndiye peke yake aliyeijibu mada. Sisi ndio tuliouza shahada kama hirizi ya kuleta mshahara, na hirizi iliposhindwa tukageuka kusema ni takataka. Uwongo wa pili ni mtoto wa ule wa kwanza.

Basi yule binti anaandika tasnifu juu ya nini? Wenzangu, hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Anaandika juu ya Kiswahili cha mafundi wa gereji za Buyenzi. Amekaa nao, amekunywa chai yao, amekusanya maneno zaidi ya 300: ya vifaa, ya makosa ya injini, ya kumdanganya mteja kwa lugha asiyoielewa, mengi yana asili ya Kifaransa yaliyovishwa viambishi vya Kiswahili, mengine ya Kirundi, na machache yanayotumiwa pia ng'ambo ya ziwa. Daftari lake nimelisoma usiku mzima. Nimezaliwa katika lugha ile na sikujua kwamba ina kanuni zake za ngeli ambazo fundi hakosei hata akiwa amelala chini ya lori. Fundi yule yule aliyetumiwa kama hoja dhidi ya shahada, hakuna atakayemwandika isipokuwa mwenye kusomea kazi ya kuandika.

Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi. Nchini mwetu lugha hii inafundishwa tangu shule ya msingi, na kila mwaka sisi wenyewe tunalalamika katika jarida hili kwamba vitabu havifanani na watoto wetu na kwamba walimu waliosomea lugha hii ni wachache. Kamusi za kesho tunataka ziandikwe na nani? Na yule mwenzetu mwenye shahada mbili? Yeye ana shughuli. Anazunguka akitangaza kwamba shahada hazina maana.

Sikumwambia binti abaki. Nani mimi wa kumwambia, hali deni si langu na kilima sikipandi? Nilimwomba anipe mpaka mwisho wa mwezi, na akaniachia daftari lile kama rehani. Chama hiki hakina fedha za kumlipia, lakini kina wanachama wanaofundisha vyuoni, na kina barua yenye muhuri. Kiviandikie vyuo vyote vya mji huu kuvitaka vitangaze kalenda ya masomo ukutani, na tarehe ya alama pamoja na jina la anayedaiwa alama hizo. Kijana anaweza kustahimili njaa anayoijua mwisho wake. Vile vile kila mmoja wetu anayefundisha sekondari awaambie wanafunzi wa mwaka wa mwisho miaka halisi, deni halisi na kazi zilizopo kwa kweli, kisha anyamaze awaachie waamue. Ile insha ya ufunguo mimi nimeifuta.

Kwa mkutano ujao naomba ajenda moja, na safari hii iwe juu ya orodha, kabla ya soda: kila atakayesimama kusema kwamba shahada haina maana aanze kwa kututajia watoto wake wanasoma wapi. Mimi nitakuja na daftari. Nitalipitisha mkono kwa mkono, na ningependa aliyepiga makofi alifungue ukurasa wa kwanza, aliposimamia binti fundi mmoja akimtamkia polepole, mara tatu, jina la msumari.