Kisu cha Kukunja: Kijaribuni Kabla ya Kukitumaini

Wazazi wengi wanunuapo kisu cha kukunja hutazama mambo mawili tu, makali yake na bei yake. Sisi twawaomba watazame na jambo la tatu, nalo ni kile kinachozuia bapa lisirudi ndani ya mpini wakati wa kazi. Makali mabaya huchelewesha kazi, bali kifungio kibaya hukata vidole vya mwenye kisu.

Visu hivyo ni vya namna mbili. Vya namna ya kwanza havina kifungio. Kamani iliyo ndani ya mpini hulikaza bapa likae wazi, lakini likisukumwa kwa nguvu upande wa mgongo hujikunja. Ndivyo vilivyo visu vidogo vya Uswisi vyenye vyombo vingi, vya ukoo wa kile alichokitoa Karl Elsener mwaka 1897. Vyafaa kwa kukata. Kwa kutoboa vina hatari.

Vya namna ya pili vina kifungio. Tuchukue mfano wa kisu cha Opinel chenye mpini wa mti. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, navyo vilikaa muda mrefu bila kifungio. Mwaka 1955 Marcel Opinel, wa jamaa hiyohiyo, akaongeza pete ya chuma shingoni mwa mpini. Pete hiyo ikizungushwa huziba ufa wa kupitia bapa, nalo haliwezi kurudi. Tangu mwaka 2000 huweza pia kulifunga bapa lililokunjwa, lisifunguke mfukoni. Lakini angalieni: namba 2 hadi 5, vilivyo vidogo, havina pete.

Basi, mtu mzima na akijaribu hivi. Kwanza, afungue kisu, akaze kifungio mpaka mwisho, kisha atikise bapa polepole. Likicheza sana, msumari wake umelegea. Pili, afunge makali kwa kitambaa kinene, ashike mpini kwa mbavu zake mbili, wala kidole kisipite mbele ya ufa. Aegemeze mgongo wa bapa juu ya kipande cha mti, akandamize kidogo kidogo. Kifungio kikiteleza hata mara moja, kisu hicho hakifai. Tatu, arudie mara kumi, kwa maana kifungio kibovu huweza kushika leo na kuachia kesho.

Wengine hupiga mgongo wa bapa mezani kwa nguvu. Hatuwashauri. Mapigo makali huweza kuharibu hata kifungio kizima, wala hayafanani na kazi ya kila siku. Ajali huja kwa njia nyingine: ncha yakwama katika mti, mtu avuta na kupinda, na bapa lageukia vidole.

Kifungio kilichoshika leo chataka kutunzwa. Mchanga na nyuzi za mfukoni zikijaa ufani, pete haifiki mwisho wake. Futeni, mkaushe, mtie tone la mafuta. Majira ya mvua mpini wa mti huvimba na kulibana bapa. Msilivute kwa meno, bali ukausheni kivulini. Bapa lisiloandikwa «inox» huenda likaingia kutu, basi lipangusweni kila baada ya kazi.

Nanyi wanafunzi, shikeni neno hili: kifungio ni msaidizi wa mkono mwangalifu, si badala yake. Kateni kwa kusukuma makali mbali na mwili, msitoboe kwa kisu kisicho na kifungio, na kabla ya kukunja tazameni vidole vilipo. Kisu kilichoshindwa jaribio kisipewe mdogo wako kwa kuwa wewe umepata kipya. Kipelekwe kwa fundi, au kiondolewe kazini kabisa.