Tuliza Moyo Kwanza, Kisha Ufungue Kitabu

Mwezi huu tumefika Turiani, wilayani Mvomero, chini ya Milima ya Nguru. Huku malori ya miwa hupita yakielekea kiwandani Mtibwa, na jioni akina mama hurudi kutoka mashamba ya mpunga wakiwa wamechoka hoi. Tulikaribishwa nyumbani kwa mama mmoja mwenye watoto watatu. Aliacha shule akiwa kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Sasa anajiandaa kwa mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT, ili aruhusiwe kufanya mtihani wa kidato cha nne.

Huanza kusoma saa tatu usiku, watoto wakishalala. "Nasoma ukurasa mmoja mara nne," alituambia, "nikifunga kitabu sikumbuki hata mstari. Nadhani kichwa changu kimezeeka."

Tulimuuliza: "Mama, usiku wa jana ulikuwa unatafuta nini katika ukurasa huo?" Akacheka kidogo. "Nilikuwa nasoma tu."

Hapo ndipo penye tatizo, na wengi wetu tunalo. Hatuwezi kwenda sokoni bila kujua tunanunua nini, lakini kitabu tunakifungua hivi hivi.

Mwaka 1977 wataalamu wawili wa Marekani, James Pichert na Richard Anderson, waliwapa watu hadithi ya vijana wawili waliokuwa wakizunguka ndani ya nyumba. Baadhi ya wasomaji waliambiwa waisome kama mtu anayetaka kununua nyumba ile, na wengine kama mwizi. Hadithi ilikuwa moja, lakini waliyoyakumbuka hayakufanana. Wanunuzi walikumbuka zaidi mambo kama paa linalovuja, na wezi walikumbuka mali. Nia ya msomaji ndiyo iliyochagua cha kubeba.

Sisi Watanzania tuliliona jambo hili mapema. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hapo watu hawakufundishwa herufi tupu. Kilikuwa kisomo chenye manufaa, chenye habari za kilimo, afya na mapishi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mtu aliyesoma ili achimbe choo kesho yake hakusahau alichosoma. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67. Kufikia mwaka 1986 walikuwa karibu asilimia 10.

Jambo la pili ni utulivu. Akili ikifanya kazi hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja, kama mikono yetu miwili. Ukikaa na kitabu huku unawaza mtihani, sare ya mtoto na masufuria yasiyooshwa, mikono hiyo imejaa tayari. Maneno ya kitabu yatashikwa na nani? Ndiyo maana mama wa Turiani alisoma mara nne bila kupata kitu. Kichwa chake ni kizima, ila kilikuwa na mzigo.

Basi tulijaribu naye pale pale, chini ya taa yake. Nawe dada unaweza kujaribu leo.

1. Tua mzigo. Kaa wima, legeza mabega na taya. Vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta. Fanya hivyo mara tano au sita. Kisha andika katika karatasi yale yanayokusumbua, uiweke kando. Mwaka 2011 watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock walieleza kwamba wanafunzi waoga wa mitihani waliofanya vizuri zaidi ni wale walioandika hofu zao kwa dakika 10 kabla ya kuanza.

2. Andika swali moja. Si "nisome Biolojia", bali "Kwa nini mgonjwa wa malaria hupungukiwa damu?" Vitabu vya sekondari vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini swali lako liandike kwa Kiswahili. Hakuna anayekukataza.

3. Chungulia kwanza. Kwa dakika mbili tazama vichwa vya habari, michoro, na mstari wa kwanza wa kila aya. Jibu liko upande gani?

4. Soma ukilitafuta jibu. Pasipohusika pita haraka. Ukifika penye jibu, punguza mwendo.

5. Funga kitabu ueleze. Sema kwa maneno yako, hata kama anayekusikiliza ni mtoto wako. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba, baada ya juma moja, waliojikumbusha bila kutazama kitabu walikumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma tu. Nusu saa ya namna hii inatosha kwa usiku mmoja. Siku mbili tatu baadaye jiulize tena swali lilelile.

Tahadhari moja. Wapo wanaouza mafunzo ya kusoma kurasa nzima kwa kupepesa jicho. Msitoe fedha zenu. Mwaka 2016 Keith Rayner na wenzake, katika mapitio ya tafiti nyingi, walionyesha kwamba mtu akizidisha mwendo sana, uelewa hupungua. Kinachomfanya mtu asome upesi na kuelewa ni kuijua vizuri lugha ya kitabu. Kwa hiyo, kwa mama anayerudi shuleni, maneno matano mapya ya Kiingereza kila siku yana faida kuliko mbio zozote.

Na neno kwa wenye nyumba: utulivu hauji kwa kuvuta pumzi tu ikiwa kazi zote zimebaki kwa mtu mmoja. Baba, bibi, watoto wakubwa, oshenyi vyombo. Mpeni mama nusu saa yake kabla usingizi haujamshinda.

Mama yule alisoma ukurasa ule mara moja tu. Alipofunga kitabu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Vijidudu vya malaria huingia katika chembe nyekundu za damu, vikazaliana humo na kuzipasua. Ndiyo maana mwanangu alikuwa mweupe viganjani mwaka ule." Akatutazama kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyesema.

Mtihani bado uko mbele yake, na vitabu bado ni vinene. Lakini hakusema tena kwamba kichwa chake kimezeeka. Alichukua kalamu akaandika swali la kesho.

Nawe, swali lako la usiku wa leo ni lipi?