Upepo umepita, lakini mti uani bado ni hatari

Mei 4, 2024, Kimbunga Hidaya kilitua Tanzania kupitia Kisiwa cha Mafia, kisha kikapoteza nguvu. Watu wakapumua. Ila kwa mwenye mwembe uani, habari haiishi pale TMA inapotangaza kuwa hali imetulia.

Sababu iko chini. Mvua ya siku nyingi hulainisha udongo, mizizi ikakosa mshiko. Mti unaweza kusimama leo, ukadondoka wiki ijayo bila upepo wa maana. Dalili zinaonekana kwa macho: udongo umeinuka upande mmoja wa shina, panda imepasuka, au mti uliokuwa wima sasa umeelekea kwenye bati.

Hapo mfuko unaanza kubishana na usalama. Fundi wa chensoo anataka hela, na baada ya upepo kila mtu anamtafuta yeye. Kijana mwenye panga ni bei rahisi. Shida ni kwamba tawi lililopinda na kubanwa ni kama upinde: likikatwa vibaya, linachapa. Na likigusa waya wa umeme, hiyo siyo kazi ya panga tena. Kaa mbali, wapigie TANESCO.

Siyo kila mti ulioumia ni wa kung'oa. Mwembe uliopoteza matawi machache hupona. Mnazi ni tofauti: una kilele kimoja tu cha kukulia, kikivunjika umekufa. Kukata mwembe kichwa chote "ili usisumbue" nako hakusaidii, maana machipukizi mapya hushika juu juu na huvunjika kirahisi.

Ugomvi mkubwa ni mti wa jirani. Wengi husubiri ukuta uanguke ndipo waende kwa mwenyekiti wa mtaa. Wakati huo suala la tawi limeshageuka la fidia. Taarifa ya mapema, yenye picha ya simu na tarehe, inampa jirani muda wa kuchukua hatua na kumnyima kisingizio cha "sikujua".

Pwani, masika ni Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Katikati, Juni hadi Septemba, udongo umekauka na fundi hana foleni. Gharama ya kupogoa miezi hiyo huwa ndogo kuliko ya kuezeka upya.