Waya si Mzigo wa Fundi Peke Yake

Land Cruiser kuukuu ikikataa kuwaka alfajiri, askari wa pwani ya Kismayo huulaumu uzee wake. Lawama hiyo si ya haki. Gari za aina ya 70 zilianza kutengenezwa mwaka 1984, na zilizotunzwa zingali zafanya kazi. Kinachoziua hapa ni chumvi. Kusi ivumapo, manyunyu ya bahari hupenya chini ya boneti na kutua penye viungo vya waya; shaba ikaota kutu ya kijani, umeme ukapita kwa taabu. Anayevuka kwa mashua kwenda Koyama au Chovai huliacha gari ufukoni, pua ikielekea upepo. Kuligeuza hakugharimu hata shilingi.

Chumvi na ifutwe kwa kitambaa chenye maji matamu, baada ya kuchomoa kwanza waya hasi ya betri, kisha vichwa vya betri vipakwe grisi. Waya iliyo karibu na eksozi ifungwe mbali. Inayosuguana na bati ivikwe mpira.

Ovu kubwa zaidi ni la fyuzi. Ya ampea 15 ikikatika, dereva huweka ya 30, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara! Hapo waya yenyewe ndiyo hugeuka fyuzi, ikawaka moto. Atendaye hivyo astahili adhabu sawa na aliyelala lindoni. Fyuzi haikatiki bure: ipo waya iliyochubuka mahali, nayo itafutwe mchana, kabla gari halijatumwa usiku kufuata majeruhi njia ya Afmadow.