Umeme wa mashua ya mvuvi nao ufundishwe darasani

Omena inayouzwa katika soko la Suneka huvuliwa usiku, kwa taa, katika Ziwa Victoria. Hilo analijua kila mama apimaye samaki hao kwa mkebe kando ya barabara ya kutoka Kisii kwenda Migori. Wasilolijua wengi, hata miongoni mwetu tunaojiita wasomi, ni jinsi taa hizo zinavyopata nguvu zake. Nashikilia kwamba kutojua huko ni kasoro ya masomo yetu, na kwamba walimu wa fizikia na wa ufundi wanaweza kuiondoa bila kungojea agizo kutoka Nairobi.

Kwa miaka mingi wavuvi walitegemea karabai za mafuta ya taa. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua huko Mbita kituo cha kuchaji betri kwa nguvu za jua, ili wavuvi wakodi taa za umeme. Taa za betri zimeenea tangu wakati huo. Leo mashua ndogo yaweza kuwa na taa za kuvutia omena, taa ya kuwaonyesha wengine mahali ilipo, mahali pa kuchajia simu, na pengine pampu ya kutolea maji. Vyote hivyo vikitegemea betri moja, mashua hiyo tayari ina mtandao wa kusambaza umeme, uwe umepangwa au umezuka tu.

Wanafunzi wetu huzoezwa saketi ya nyumba yenye volti 240. Aliyezoea hesabu hizo hudhani kwamba volti 12 ni mchezo wa watoto. La hasha! Vifaa vya wati 60 nyumbani huvuta robo ya ampea. Katika betri ya volti 12 huvuta ampea 5, yaani mara 20 zaidi. Sasa tuchukue mashua ya mita 8 na waya wa shaba wa milimita mraba 1.5. Umeme huenda mita 8 na kurudi mita 8. Ukinzani wa mita hizo 16 ni takriban omu 0.19. Zidisha kwa ampea 5, utaona kwamba karibu volti 1 inapotea njiani, ambayo ni asilimia 8 ya nguvu ya betri. Mvuvi huona taa imefifia, akailaumu betri. Ukitumia waya wa milimita mraba 4, upungufu hushuka hadi kama volti 0.4. Ni kanuni ile ile ya Ohm ambayo mtoto huikariri usiku kucha, lakini hapa ina kazi ya kufanya.

Betri nayo ina hesabu yake. Ampea 5 kwa saa 10 za usiku ni ampea-saa 50. Betri ya gari ikimalizwa kabisa kila usiku huharibika upesi. Yafaa itumike nusu tu. Basi mvuvi huyo anahitaji betri ya ampea-saa 100, na kununua ndogo zaidi ni kununua hasara.

Hatari kubwa zaidi ni moto. Waya mbili za betri zikigusana, mamia ya ampea hupita kwa mara moja. Waya huwa mwekundu kama kaa, na pengine hatua mbili tu kutoka hapo pana mtungi wa petroli ya injini. Nimeona kwa macho yangu, katika ufuo mmoja wa ziwa hilo, mashua ambayo waya zake zilisokotwa kwa mkono na kufungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki, bila fyuzi hata moja. Wahenga walisema ajali haina kinga. Ajali ya namna hii ina kinga, tena ya bei nafuu: fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kwa maana kazi yake ni kulinda waya, si kulinda taa. Kisha kila kifaa kiwe na saketi yake na fyuzi yake, ili simu ya mmoja isizime taa ya wote. Betri ifungwe imara, juu ya maji ya sakafuni, mahali penye hewa, kwa kuwa ikichajiwa hutoa haidrojeni.

Najua atatokea wa kuuliza: Suneka na mashua wapi na wapi? Jibu ni kwamba mito ya Gusii, ukiwemo Gucha, huishia katika ziwa hilo, na samaki wake huishia katika sahani zetu. Fundi aliyehitimu hapa anaweza kufanya kazi Homa Bay au Karungu bila kuvuka mpaka wowote. Mwingine atasema silabasi haina nafasi. Silabasi haimzuii mwalimu kubadilisha mfano. Tangu mwaka 2023, wanafunzi wa sekondari msingi wamekuwa na somo la utangulizi wa ufundi. Kama umilisi si neno tupu, hapa ndipo pa kuuonyesha.

Walimu wenzangu, hatuhitaji maabara ya kifahari. Ubao wa mita chache, betri kuukuu ya gari, taa tatu, fyuzi nne, swichi na kipima-volti vyatosha. Wanafunzi wapime volti kwenye betri, wapime tena kwenye taa ya mwisho, kisha waeleze tofauti hiyo imekwenda wapi. Atakayeweza kujibu swali hilo atakuwa amefaulu mtihani, na siku moja huenda akamrudisha mvuvi nyumbani salama.